Msimu mmoja zaidi wa sampuli, au nianze kuandika?

Msomaji wa Moshi ameniandikia hivi:

"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamivu katika kemia ya mazingira. Nina watoto wawili, na siku nne kwa wiki nafundisha shule. Pendekezo langu la utafiti lilipita miezi 22 iliyopita. Nachunguza floridi katika maji ya upande wa Mlima Meru, na namna mkaa wa mifupa unavyoweza kuipunguza. Nina sampuli 144: vyanzo 16, misimu miwili ya kiangazi na mmoja wa masika, kila msimu nilikwenda mara tatu. Majaribio ya mkaa nimeyafanya maabara kwa maji niliyoyatengeneza mwenyewe. Sijaandika sura yoyote zaidi ya zile za pendekezo. Msimamizi wangu mkuu husafiri sana, barua pepe zangu hukaa wiki tatu bila jibu. Ufadhili unaisha baada ya miezi 14. Nafikiria nirudi masika ijayo nichukue sampuli nyingine ili data zitoshe, ndipo nianze kuandika. Niko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu na jibu langu ni hapana. Usirudi masika. Anza kuandika wiki hii. Lakini lipo jaribio moja ambalo hujalifanya na bila hilo hutamaliza, na wala si la kwenda kuongeza sampuli kwenye zile chemchemi. Nitalifikia.

Kwanza nikueleze ninachoona kinakutokea, maana nimewasimamia wengi waliofika hapo ulipo. Mpaka siku ya kutetea pendekezo, chuo kinakushika mkono. Kuna masomo ya darasani, kuna mitihani, kuna tarehe za kamati, kuna wenzako mnaoulizana mmefikia wapi. Pendekezo likishapita unaitwa mtahiniwa, unapewa mkono wa pongezi, halafu kimya. Ndani ya kimya hicho, kwenda uwandani ndiyo kazi pekee inayoonekana kwa macho. Unaamka saa kumi usiku, unapanda basi la Arusha, unashuka Usa River, unachukua bodaboda, jioni unarudi na sanduku la chupa na viatu vimejaa tope. Nani atasema hukufanya kazi? Ukishinda mezani ukapata aya mbili, wewe mwenyewe unaona siku imepotea. Kwa hiyo wenye bidii, na nakuona u mmoja wao, hukusanya na kukusanya. Mimi nilitumia miezi saba kurudia vipimo vya msimu mzima, na nilipokaa kuandika nikakuta sura niliyokuwa naiogopa ilihitaji majedwali mawili tu, na yote mawili nilikuwa nayo kabla ya ile miezi saba. Miezi hiyo sikurudishiwa na mtu.

Sasa chukua pendekezo lako, fungua ukurasa wa malengo mahususi. Toa karatasi nyeupe, moja kwa kila lengo. Juu ya karatasi andika lengo, na chini yake chora kwa mkono, kwa kalamu ya risasi, mchoro au jedwali ambalo msomaji akiliona atasema, "Naam, hapa amenijibu." Usiweke namba bado. Weka mihimili, weka majina ya safuwima, weka umbo unalotarajia. Kisha jiulize: data za kujaza mchoro huu ninazo, au sina? Kazi hii ni ya jioni mbili, watoto wakishalala. Ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu tasnifu yako, kuliko miezi 22 iliyopita.

Nimejaribu kuzichora karatasi zako nikiwa huku Tengeru, kwa hayo uliyoniambia. La kwanza ni kiasi cha floridi katika vyanzo 16, kikilinganishwa na kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hilo unalo lote. La pili ni tofauti ya kiangazi na masika. Hapa ndipo unapohangaika, kwa sababu masika unayo moja tu. Sikiliza. Sampuli tisa za chemchemi moja ni ndugu wa tumbo moja. Ukiziingiza kwenye hesabu kana kwamba ni vyanzo tisa tofauti, mtahini wa nje atakushika hapo hapo, na atakuwa na haki. Wewe una vyanzo 16 vilivyopimwa kwa kurudiwarudiwa, huna vitu 144 visivyojuana. Uchambuzi wako lazima uutambue udugu huo: tumia modeli mseto (kwa Kiingereza mixed model), yaani hesabu inayojua kwamba vipimo vya chanzo kimoja vinafanana, chanzo kikiwa ndicho kundi. Programu ya takwimu iitwayo R inafanya hivyo na ni ya bure. Masika ya pili yangekuongezea ndugu kwenye matumbo yale yale. Isingekupa chanzo kipya hata kimoja. Ingekusaidia kusema jambo kuhusu masika kwa ujumla, ni kweli, lakini hata masika mbili bado ni chache kwa dai kubwa namna hiyo. Andika waziwazi kwamba unazungumzia masika ya mwaka ule, taja mvua ilivyokuwa kwa takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, na usidai zaidi ya hapo. Sentensi mbili za kukiri mpaka wa utafiti wako zinakuokolea nusu mwaka.

Karatasi ya tatu, ya mkaa wa mifupa, ndiyo iliyobaki na tundu.

Unasema ulitengeneza maji mwenyewe. Nadhani ulichukua maji yaliyotoneshwa ukayeyusha chumvi ya floridi ya sodiamu, kama tunavyofanya sote tunapoanza. Ni sawa kwa kujua mkaa unabeba kiasi gani katika hali safi. Lakini maji ya watu wa Maji ya Chai au Ngare Nanyuki hayako hivyo. Yamepita kwenye miamba ya volkano. Yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi, pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, iko juu, na kalsiamu ni kidogo. Huo uchache wa kalsiamu ni sehemu ya sababu floridi inabaki ndani ya maji badala ya kuganda na kutuama chini kama floridi ya kalsiamu. Sasa mkaa wa mifupa hunasa floridi hasa kwa kubadilishana: madini ya mfupa, haidroksiapataiti, hutoa haidroksili (ioni ya oksijeni na hidrojeni) na kupokea floridi mahali pake. Maji yakiwa na haidroksili nyingi tayari, kwa sababu pH iko juu, mabadilishano hayo huwa magumu. Bikaboneti nayo inagombea nafasi. Kwa hiyo namba uliyoipata kwa maji ya maabara inaweza kuwa nzuri kuliko ile ambayo mama wa Kingori ataiona kwenye ndoo yake. Hilo ndilo swali ambalo kila mtahini atauliza, na hata asipouliza, wewe na mimi tunajua watoto wa huko wana meno ya kahawia na wazee wengine miguu imepinda. Utafiti wako una maana kwao kama umejaribiwa kwa maji yao.

Kwa hiyo jaribio lenyewe ni hili. Chagua vyanzo viwili kati ya 16, kimoja chenye floridi nyingi na kimoja cha wastani. Teka maji kiangazi, wakati mvua haijayapunguza makali, kwa madumu ya plastiki ya lita 20. Tengeneza mirija mitatu inayofanana iliyojazwa mkaa kwa kila chanzo, mkaa wa kundi moja, chembe za ukubwa mmoja, mwendo wa maji ule ule, na mirija mingine mitatu kwa maji yako ya maabara. Pitisha maji, pima yanayotoka kila baada ya lita kadhaa, na uandike ni lita ya ngapi floridi inayotoka imevuka 1.5. Halafu endelea mpaka mkaa uchoke kabisa. Ukipanga vizuri ni kazi ya wiki sita. Mchoro mmoja wenye mistari mitatu utaibeba sura nzima. Na ukikuta mkaa umechoka mapema kwa maji ya kweli, usihuzunike, hayo ni matokeo, na pengine ndiyo matokeo makubwa kuliko yote uliyo nayo. Kabla hujaanza, nenda Ngurdoto ukawaone watu wa kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kilicho chini ya Wizara ya Maji. Wameshughulika na mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na saa moja ya mazungumzo nao itakuepusha na makosa ya mwezi mzima. Waulize hasa juu ya joto la kuchomea. Mfupa ukizidishiwa moto unageuka mweupe na uwezo wake unashuka, kwa hiyo daftari lako lioneshe nyuzijoto na saa za kila tanuru, si neno "ulichomwa" peke yake.

Unaona kwamba tundu hilo nimeliona kwa kuchora karatasi tu, bila kupima tone moja la maji. Ndiyo sababu nakwambia uandike kwanza. Kuandika kwenyewe ndiko kutakakokuonyesha kilichopungua, na mara nyingi kilichopungua hakiko kule tulikodhani.

Anza na sura ya mbinu. Wengi huanza na mapitio ya maandiko, wakazama humo hadi Krismasi. Mbinu unazijua kwa mikono yako, na sasa hivi bado unakumbuka mambo ambayo mwakani yatakuwa yamefutika. Andika kwamba sampuli ulizihifadhi kwenye chupa za plastiki, si za kioo, na useme kwa nini: floridi hushambulia kioo. Andika bafa, yaani kimiminika cha kutuliza pH, uliyoongeza kabla ya kupima na kazi yake, kwamba husawazisha nguvu ya ioni, huweka pH mahali pamoja, na huiachia floridi iliyoshikwa na alumini au chuma. Andika mwinuko wa mstari wa urekebishaji wa elektrodi yako, yaani kifaa kinachopima floridi kwa milivolti, kwa kila siku ya kupima. Kwa nyuzijoto 25 unatakiwa kuwa karibu na milivolti 59 kwa kila badiliko la mara kumi la floridi. Siku ambayo ulipata 51 ukaendelea kupima hivyo hivyo, itaje, rudia sampuli za siku hiyo kama bado zipo, au ziondoe na useme umeziondoa. Nimeona mwanafunzi akisimama kidete dakika arobaini mbele ya watahini kwa sababu daftari lake la urekebishaji lilikuwa kamili. Nimeona pia mwingine, mwerevu kumzidi, akilowa jasho kwa swali hilo hilo.

Baada ya mbinu andika matokeo ya lengo la kwanza, kisha la pili. Utangulizi na mapitio uviache mpaka mwisho, ukishajua tasnifu yako inasema nini. Usingoje siku yenye nafasi. Kwa mtu mwenye watoto na vipindi vya kufundisha, siku hiyo haiji. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja kasoro asubuhi, siku tano kwa wiki, simu ikiwa chumba kingine. Zungumza na watu wa nyumbani mapema, wajue kwamba saa hizo mbili ni kazi kama kazi nyingine, na mwisho wake uko mwezi fulani. Watu hubeba mzigo kwa urahisi wakijua utatuliwa lini.

Kuhusu msimamizi wako, nakuhurumia, lakini pia nakukosoa kidogo. Malezi yetu hutufundisha kumngoja mkubwa mpaka aseme. Kwenye utafiti, kungoja huko si heshima, kunamharibia yeye pia, kwa sababu mwanafunzi asiyemaliza anahesabiwa kwake. Nadhani barua pepe zako zinasema "naomba maoni yako" na zimeambatanishwa na kurasa sitini. Mtu aliye uwanja wa ndege hawezi kuzijibu hizo. Badilisha. Kila tarehe moja ya mwezi mtumie ukurasa mmoja: nilichomaliza, ninachofanya mwezi huu, na maswali matatu yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Malizia kwa adabu: "Profesa, nisipopata maelekezo tofauti kufikia tarehe 15, nitaendelea kama nilivyoeleza hapo juu." Sentensi hiyo haimkosei mtu heshima, na inaufanya ukimya wake usikusimamishe. Mara moja kwa muhula omba kikao cha ana kwa ana, na jioni ile ile mwandikie mliyokubaliana. Msimamizi wa pili unaye. Mtumie sura kwa sura, maana wa pili mara nyingi ana nafasi na hakuna anayemwomba kitu. Na ile ripoti ya maendeleo ambayo chuo hudai uijaze, usiandike "kazi inaendelea vizuri". Andika ukweli. Ikiwa siku moja utahitaji kuomba muda zaidi au msimamizi mwingine, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea.

Soma pia kanuni za chuo chako mwenyewe, leo, si mwezi wa mwisho. Angalia wanadai makala ngapi za jarida kabla ya kuwasilisha tasnifu, na kama zinatakiwa ziwe zimekubaliwa au kutumwa tu kunatosha. Tofauti ya maneno hayo mawili inaweza kuwa mwaka mzima. Sura ya lengo la kwanza inaweza kugeuka makala sasa hivi, kabla ya jaribio la mirija. Jarida linaweza kukaa nayo miezi minne au zaidi, basi itume mapema ikae huko wewe ukiendelea na mengine. Tafadhali usiwakimbilie wale wanaokuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo. Chuo kikilikataa jarida umepoteza pesa na makala pia. Mwonyeshe mkutubi jina la jarida kabla hujatuma. Na kama jarida halali linadai ada, Tanzania imo katika kundi A la Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaalamu bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi huwasamehe ada waandishi wa nchi za kundi hilo katika majarida yaliyo wazi kwa wote. Lakini msamaha unaombwa wakati wa kutuma. Makala ikishakubaliwa, mara nyingi umechelewa.

Miezi yako 14 naigawa hivi. Miwili ya kwanza ni ya mbinu, matokeo ya lengo la kwanza, na kutuma makala. Mwezi wa tatu na wa nne ni wa mirija, kwa sharti kwamba iangukie kiangazi. La sivyo tanguliza mirija na makala ifuate. Mpaka wa saba umemaliza matokeo ya lengo la pili na la tatu. Wa nane na wa tisa ni mjadala, mapitio na utangulizi. Wa kumi unawasilisha. Vyuo vyetu vingi hutaka taarifa ya nia ya kuwasilisha, mara nyingi miezi mitatu kabla, ili watahini watafutwe. Kwa hiyo barua hiyo inaondoka mwezi wa saba, hata kama mjadala haujaandikwa. Inatisha kuituma, najua. Itume. Miezi minne inayobaki ni ya watahini kusoma, ya utetezi, na ya marekebisho. Karibu kila anayepita hupita na marekebisho, kwa hiyo orodha ya hoja za watahini isikuvunje moyo. Tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Jibu kila hoja, hata ile usiyokubaliana nayo, kwa sababu zako.

Na leo usiku, kabla ya kulala, nakili kila kitu mahali patatu: kompyuta yako, diski ya nje iliyo kwenye nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni. Piga picha kila ukurasa wa daftari la maabara. Mwanafunzi wangu mmoja alipoteza daftari la mwaka mmoja kwenye daladala. Dereva alitafuta, kondakta alitafuta, halikuonekana.

Miezi sita ijayo niandikie tena. Nataka kujua maji ya kweli yaliuchosha mkaa wako kwenye lita ya ngapi.